FYA, COB, TBC: herufi tatu na mzigo ulioko baharini

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakifika ofisini kwetu huwa wameiva darasani. Wanajua kukokotoa ushuru, wanajua kusoma ankara ya muuzaji, na Kiingereza cha mtihani wamekifaulu vizuri. Wanakwama kwenye barua pepe. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kutwa tunaandikiana na watu wa meli walioko Shanghai, Mumbai, Dubai na Antwerp. Watu hao wana haraka, nusu ya wanachoandika ni vifupisho, na hakuna chuo ninachokijua kinachokaa na mwanafunzi kumfundisha hivyo vifupisho kwa uzito unaostahili.

Binti aliyekuja msimu huu nilimkalisha kiti cha pembeni yangu, tukaanza na barua iliyoingia asubuhi hiyohiyo. Naiweka kama ilivyokuwa:

"Pls find attd draft BL FYA. Kindly revert by COB today. ETA DAR 14/6 TBC. Rgds"

Akaisoma mara mbili, akaniambia, "Dada, wametutumia taarifa."

Hapo ndipo penye hatari. Angekuwa peke yake angeifunga barua na kuendelea na mengine, kwa sababu alichokiona ni FYI, kifupisho kinachojulikana na kila mtu: kwa taarifa yako, soma uendelee na shughuli zako. Hii ni FYA: kwa utekelezaji wako. Ukishaipokea, kazi imehamia mezani kwako. BL ni hati ya shehena, na hiyo waliyotuma ni rasimu. Maana yake tuikague mstari kwa mstari: jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito, namba ya kontena, namba ya sili. Tukinyamaza wataitoa kama ilivyo, na kurekebisha hati iliyokwisha kutolewa kuna ada yake, kuna na siku zake za kusubiri huku mzigo unakaribia bandarini. Hiyo "revert" nayo, katika Kiingereza cha watu wa meli, ni kuomba jibu tu.

Kisha COB, mwisho wa saa za kazi. Nilimwuliza binti: mwisho wa kazi wa nani? Barua ilitoka Shanghai. Wenzetu wametutangulia kwa saa tano, kwa hiyo wao wakifunga ofisi saa kumi na mbili jioni, sisi hapa ni saa saba mchana, watu ndio wanashuka kwenda kula. Ukidhani una mpaka jioni, umechelewa kabla hujaanza. Ingetoka Antwerp mambo yangegeuka: wao wako nyuma yetu, saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, na COB yao hutukuta sisi tumeshafika kituo cha daladala. Mwandishi mwema huongeza "your time" au "our time". Asipoongeza, muulize. Swali la mstari mmoja halijawahi kumdhalilisha mtu.

Hili la kuuliza nalisisitiza sana kwa vijana, kwa sababu maofisini kwetu kuna tabia mbaya. Mtu akiuliza kirefu cha kifupisho, wenzake wanaangaliana. Wengine wanacheka kabisa. Matokeo yake kijana anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye meza yake na kubahatisha. Nimeona watu wenye akili nzuri wakibahatisha kwa miaka.

Na vifupisho havibahatishiki, maana herufi zilezile hubeba mambo tofauti kulingana na meza zilipotua. POD kwa watu wa meli ni bandari ya kushushia mzigo. Kwa watu wa malori ni uthibitisho kwamba mzigo umepokelewa, ile karatasi yenye saini na mhuri wa mteja. TBC hapa nchini ni Shirika la Utangazaji, redio na televisheni ya taifa, na binti wangu alianzia hukohuko. Kwenye barua ile, TBC inasema tarehe 14 Juni imetajwa lakini haijathibitishwa. Ina ndugu yake, TBA, inayosema tarehe yenyewe bado haijapangwa, itatangazwa.

Sikumpa orodha akariri. Nilimpa kaunta buku, tukachora safu tatu: herufi zenyewe, maneno kamili, na ya tatu ikaitwa "nikiiona nafanya nini". Safu ya kwanza na ya pili unaweza kuzijaza kwa intaneti ndani ya saa moja. Ya tatu inajazwa na kazi. Mbele ya ETA, yaani muda meli inapotarajiwa kufika, binti aliandika: "Nafungua faili, naangalia nyaraka zipi hazijafika." Mbele ya ATA, muda meli ilipofika kweli: "Siku za bure za kontena nianze kuzihesabu lini? Niwaulize wenye meli." Mbele ya ASAP aliacha wazi, nami nikamwambia aandike: "Namuuliza saa ngapi." Neno hilo, hasa likitoka kwa bosi, huwa halina saa ndani yake, na kila mtu huliwekea yake.

Wapo wazee wa fani wanaosema vifupisho ni uvivu wa vijana wa simu. Siwakubalii. Hizo "pls", "tks" na "rgds" tunazozikuta kwenye barua za meli zilikuwepo tangu enzi za teleksi, wakati kila dakika ya laini ililipiwa, na kabla yake telegramu ililipiwa kwa neno. Ile OMG ambayo watu wanadhani ilizaliwa kwenye WhatsApp, Admirali John Fisher wa Uingereza aliiandika kwenye barua kwa Winston Churchill mwaka 1917. Na alifanya jambo ninalolipenda: alipoiandika, palepale kwenye mabano akaweka maneno yake kamili, ili msomaji asibaki gizani. Kamusi kubwa ya Oxford iliipokea OMG pamoja na LOL mwaka 2011.

Hata sisi tuliokua na simu za tochi tulikuwa mafundi wa kufupisha. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na vocha ilikuwa ya kupimia. Tukaandika "cjui", "xaxa", "2ko", "k2", tukaelewana bila mwalimu. Na kabla ya simu, barua zetu zilikuwa na S.L.P., n.k., k.m. na Ndg. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania uwezo wa kufupisha anao tangu zamani. Akisimama mbele ya PFA, kwamba kuna kiambatisho, au OOO, kwamba mtu hayupo ofisini, anachokosa ni mtu wa kumwambia mara moja tu, bila kumcheka.

CC nilimweleza kwa karatasi ya kaboni. Mama mmoja aliyenifundisha kazi alianza kwenye taipureta. Alikuwa akiweka kaboni katikati ya karatasi mbili na chini ya barua anaorodhesha waliopelekewa nakala. Aliyewekwa CC anasoma, halazimiki kujibu. BCC ni nakala isiyoonekana na wengine, na nilimwambia binti aitumie anapowaandikia wateja wengi kwa pamoja, ili anwani za watu zisisambae. Kuitumia ili bosi asome kwa siri barua unayomwandikia mwenzako, hapana. LOL, BRB, IDK na wenzake anavijua kuliko mimi. Ombi langu ni vibaki kwenye magrupu ya marafiki.

Kinachoniuma zaidi kiko upande wa wateja. Tuna mteja, mama mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, aliyekuja kwetu baada ya kuondoka kwa wakala mwingine. Huko walimtumia ujumbe wa simu wenye tarehe, na mbele ya tarehe TBC. Alikodi lori, akalipa kianzio, akawaambia wanunuzi wake wa Morogoro waje. Meli ilichelewa. Kianzio hakikurudi, na wale wa Morogoro wakanunua kwingine. Aliponisimulia alisema, "Mwanangu, mimi niliona tarehe." Na kweli aliiona. Herufi tatu zilizokuwa zinaifuta ile tarehe hakuna aliyemsomea.

Kwa hiyo ofisini kwangu vifupisho vinaishia mlangoni. Barua ya Shanghai inaingia na herufi zake, sisi tunazifungua, na mteja anapata Kiswahili kilichokamilika. Kontena la kwenye rasimu ile ya asubuhi ni la mama huyuhuyu. Rasimu tuliijibu saa tano, uzito ulikuwa umekosewa, wakarekebisha bila ada. Kisha nikamwambia binti amwandikie mama. Aliandika hivi, nami sikubadilisha neno:

"Shikamoo mama. Meli yenye kontena lako inatarajiwa kufika Dar tarehe 14 Juni, ila wenye meli hawajaithibitisha tarehe hiyo. Tunaomba usikodi lori kwanza. Tutakuandikia tena tarehe 11, hata kama hakuna kilichobadilika."

Tarehe 11 ameshaizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani.