Masikio Safi, Macho Ukungu: Nilivyoirekebisha Fokasi ya Kamera Yangu Mpya

Watu watatu waliniambia niirudishe kamera nilikoinunua, na wa nne akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, kwamba sitapata picha safi mpaka ninunue lenzi yenye bei kuishinda kamera yenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuziona picha. Angezitazama, angegundua jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua wiki nzima kuligundua, kwamba hazikuwa na ukungu kila mahali. Katika kila picha ya uso niliyopiga kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likiwa pana sana, masikio yalionekana unywele kwa unywele, ilhali macho, ambayo ndiyo niliyoyalenga, yalikuwa kama yamefunikwa na moshi.

Sitaficha kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiacha kamera ijichagulie yenyewe nukta ya fokasi, yaani mahali panapotakiwa kuonekana safi, nayo aghalabu hukimbilia kitu kilicho karibu zaidi, hata kama ni kola ya shati. Tena nilikuwa nikipiga picha za watoto wanaokimbia kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, kisha nailaumu fokasi kwa ukungu ulioletwa na mbio zao. Nilipochagua nukta moja ya katikati na kupandisha kasi hadi 1/500, nusu ya malalamiko yangu yaliisha kimyakimya. Masikio, hata hivyo, yaliendelea kuyashinda macho.

Hapo ndipo nilipojitia ufundi. Nilikuwa nimesikia kwamba kamera yangu ina sehemu ya kusahihisha fokasi ya kila lenzi, kuanzia -20 hadi +20, basi usiku, chini ya taa hafifu, nikalaza rula mezani, nikaishika kamera mkononi, nikalenga namba 15 na kupiga. Namba 12 ikatoka safi. Nikapiga tena, ikatoka 17. Mara ya tatu, 13. Mtu mwenye busara angeona kwamba kipimo chenyewe ndicho kibovu, lakini mimi nilitafuta wastani, nikaweka +12, nikalala nikiwa na furaha ya daktari bingwa. Kesho yake hata masikio yaliingia ukungu, na kilichobaki safi kilikuwa ukuta wa nyuma.

Baadaye nilielewa kwamba eneo ambalo kamera hulitumia kupima ni kubwa kuliko kile kimraba kinachoonekana tunduni, yaani kwenye kidirisha cha kutazamia kwa jicho, kwa hiyo juu ya rula iliyolala kamera inaweza kushika namba yoyote ya jirani. Nilirudisha kipimo kwenye sifuri nikaanza upya, safari hii mchana, karibu na dirisha. Nilisimamisha vitabu vitano kama ngazi, migongo yao ikiielekea kamera, kila kimoja kikiwa nyuma ya mwenzake kwa upana wa kidole. Kamera niliiweka juu ya kitegemeo cha miguu mitatu, mita moja na nusu kutoka kitabu cha katikati. Kwa umbali huo, lenzi ikiwa imefunguliwa hadi f/1.8, eneo linaloonekana safi halizidi sentimita 6 hivi, kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Kabla ya kila picha niliuzungusha mviringo wa fokasi wa lenzi hadi mwisho ili kamera itafute fokasi upya, na nilipiga kwa kipima muda nisiitikise.

Picha kumi kupitia tunduni, nikikilenga kitabu cha katikati, zilinipa kitabu cha nne kikisomeka vizuri kuliko cha tatu, takriban zote. Kisha nikapiga kumi nyingine nikilenga kwa skrini ya nyuma, na kitabu cha tatu kikasomeka hadi jina la mchapishaji. Jibu lilikuwa hapo. Katika kamera yenye kioo ndani, ukitazama tunduni, anayepima fokasi ni kihisi kidogo cha pembeni, na kikipishana hata kidogo na kihisi kikuu kinachopokea picha, kila picha itakosea upande uleule. Ukitumia skrini, kihisi kikuu hujipimia chenyewe. Lenzi, basi, haikuwa na dhambi yoyote, wala sikuhitaji ile ya kuvunja benki.

Kwa kuwa fokasi ilikuwa ikiangukia nyuma, nilihitaji namba hasi, inayoivuta karibu na kamera. Nilishuka kidogo kidogo, nikipiga picha kadhaa kila hatua, nikakomea -7. Lenzi yangu nyingine niliipima kwa vitabu vilevile, nikaona haina kosa, nikaiacha kwenye sifuri ingawa mkono uliniwasha.

Picha moja ya enzi za +12 nimeihifadhi. Matofali ya ukuta yanahesabika moja moja, na mbele yake kuna kiwingu chenye umbo la binamu yangu.