Siku moja na ubongo wa mbwa

Saa 1:30 asubuhi. Kichwa cha mbwa aliyemuuma mtu kimefika maabara kikiwa kwenye barafu. Navaa glavu mbili, barakoa na miwani. Chanjo yangu ya kichaa cha mbwa niliimaliza zamani. Nachukua kipande cha shina la ubongo na cha ubongo mdogo, sehemu ya nyuma ya ubongo, nagandamiza kwenye slaidi, kisha natumbukiza kwenye asetoni baridi. Chai baadaye.

Saa 3. Slaidi za wiki jana, za mbwa mdogo wa miezi mitano. Taya lake lilikuwa likitafuna hewa, na mguu mmoja ukidunda hata akiwa usingizini. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua: huingia kwa njia ya hewa na kushika kwanza seli za kinga, na hizo ndizo huvifikisha kwenye ubongo. Mlinzi kambeba mwizi mgongoni.

Nimetia rangi inayofanya mayelini iwe buluu. Mayelini ni ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Kwenye ubongo mdogo wa huyu, buluu ina matobo kama nguo iliyoliwa na nondo. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba seli zinazotengeneza ganda hilo mara nyingi hata hazijai virusi. Vinaingia, vinavuruga kazi yake, ganda linabomoka. Virusi wenyewe nawakuta zaidi kwenye astrosaiti, seli jirani, vidoa vya waridi ndani ya kiini. Baadaye seli za kinga hujazana kandokando ya mishipa ya damu na kuongeza uharibifu.

Saa 7. Slaidi za asubuhi, sasa chini ya hadubini ya mwanga wa fluoresensi: vumbi la kijani, yaani virusi, kila mahali. Ni kichaa. Zamani tulitegemea vidoa vya ndani ya seli za neva alivyovieleza mtafiti Negri mwaka 1903, ila vinaweza kukosekana kabisa. Na nyuroni, yaani seli za neva zenyewe? Karibu zote zimesimama. Kichaa huua bila kubomoa nyumba. Napiga simu mara moja, mtu aliyeumwa asikatishe chanjo zake.

Saa 9. Daktari wa yule mbwa mdogo wa distempa anauliza kuhusu mbwa wa pili nyumbani, ambaye hajachanjwa. Namwambia amtenge, amchunguze, na asiahidi dawa ya kuua virusi, haipo. Hata anayepona anaweza kubaki na ule mdundo wa mguu maisha yake yote.

Saa 11. Ubongo mwingine unaingia kwenye fomalini. Nauandika namba, tutaonana wiki ijayo.