Mbona Uko Fiti, Dada?

Leo, kwenye kuchangisha fedha za wagonjwa walioumia ubongo, tumepata kidogo kuliko Jumamosi zilizopita, na sababu naijua: nimenenepa.

Kipindi kile kichwa kimenyolewa, mshono unaanzia sikioni unapanda hadi utosini, watu walikuwa wanaingiza mkono mfukoni kabla sijamaliza salamu. Sasa nywele zimeota, nimesuka twende kilioni, mashavu yamerudi. Pale kijiwe cha bodaboda Buzuruga, hapa Mwanza, kijana mmoja akanitazama juu hadi chini, akasema, "Dada, mbona uko fiti kabisa? Tunachangia nini sasa?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana swali ni la haki.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nilikuwa mshindani wa mbio za baiskeli, hizi zetu za Kanda ya Ziwa ambazo vumbi lake unalitema hadi kesho yake. Alfajiri moja, nikiwa mazoezini barabara ya Usagara, niligongwa. Ajali yenyewe siikumbuki, najua tu nilivyosimuliwa. Damu ilikuwa imevujia ndani ya fuvu. Daktari kule hospitali ya Bugando alimweleza mama kwamba fuvu la mtu mzima ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo damu ikijaa mle ndani kinachobanwa ni ubongo. Wakafungua, wakaitoa. Kofia yangu ngumu ilipasuka upande mmoja na ninatembea nayo kila tunapochangisha. Kuvaliwa haifai tena, kwa sababu lile sponji gumu la ndani likishabonyea limemaliza kazi yake, lakini kwa kuwaonyesha watu inafaa sana.

Kilichobaki ndicho hakionekani. Jua la saa saba likipiga juu ya ziwa silitazami. Kwenye daladala, konda akigonga bati huku redio inapiga kelele, nashuka hata kama sijafika. Naanza kusema jambo, katikati jina la kitu linapotea, namwambia mdogo wangu aniletee "ile ya kukorogea" na mwiko uko mbele ya macho yangu. Kuna siku kuoga na kupika uji tu kunanirudisha kitandani. Hasira nazo, sipendi hata kuziandika. Mashindano nimeambiwa basi, kwani pigo la pili kwenye ubongo uliokwisha kuumia linaweza kuwa baya kuliko la kwanza.

Hayo yote nikiyasema kijiweni yanasikika kama malalamiko. Kwa hiyo niliwaongelesha mpira. Nikawauliza nani anamkumbuka Petr Čech, yule kipa wa Chelsea. Wote! Wakanisimulia wenyewe: mwaka 2006, mechi na Reading, goti la mchezaji likampata kichwani, fuvu likavunjika, akarudi langoni na ile kofia yake hadi anastaafu 2019. Nikawauliza na Ryan Mason je? Kimya. Huyo wa Hull City aligongana vichwa na mchezaji wa Chelsea Januari 2017, fuvu likavunjika, na Februari 2018 akatangaza kuacha soka akiwa na miaka 26. Mmoja alirudi uwanjani, mwingine hakurudi. Ukiwaona wamekaa kwenye benchi leo, utasema wote wazima.

Yule aliyeniuliza akanyamaza, kisha akatoa elfu mbili. Kofia ya abiria wake ilikuwa imening'inia kwenye usukani, mkanda umekatika. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ngumu ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kuumia ubongo hadi kwa asilimia 74. Sawasawa maana yake ni pamoja na mkanda kufungwa kidevuni. Nilimwambia. Akasema ataushona. Tutaona.

Jioni nilipita Mwaloni, Kirumba, kwa akina mama wa dagaa, ambao kwa kweli ndio wanaotoa bila kuhoji. Mama mmoja aliniita pembeni. "Mwanangu, hizo hasira ulizosema, zinampata na mtu ambaye hakupasuliwa?" Kijana wake ni mvuvi. Alianguka kwenye mtumbwi, kichwa kikapiga mbao, akazinduka, wakashukuru Mungu wakaendelea na kazi. Tangu hapo amebadilika: anatukana, hela inamtoka ovyo, mke amerudi kwao. Mtaani wanasema bangi, ndugu wanasema karogwa. Nilimjibu kwamba mimi si daktari, ila sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia tusifanye kila linalotujia, na ikiumia mtu anaweza kubadilika tabia bila kuwa na kovu lolote. Apelekwe akaonwe. Akauliza nauli na vipimo nani atalipa.

Basi mchango wetu ni wa hayo hasa. Wapo wanaotaka tununue viti vya magurudumu, kwa sababu kiti kinapigika picha na nauli haipigiki. Viti vinahitajika, sikatai. Ila wengi ninaokutana nao kliniki wanatembea kwa miguu yao, na wanachokosa ni fedha ya kurudi mara ya pili na ya tatu kwa mazoezi, au mtu wa kukaa dukani wakati mama anampeleka mgonjwa. Mgonjwa akiacha kwenda, hakuna anayejua, kwa kuwa anaonekana amepona.

Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, amenishauri nifunge bandeji siku za kuchangisha. "Watu wanahurumia wanachokiona," anasema. Ni kweli, na shikamoo yake naiheshimu, lakini sifungi. Nikifunga, yule kijana wa mvuvi atazidi kuonekana mlevi.

Jumanne nakwenda kliniki na mama yake. Nimeandika kwenye simu, nimeandika ukutani, na yeye nimemwomba anipigie asubuhi, maana nitasahau.