Nilivyonunua ovaloki ya Kariakoo nikiwa Iringa, baada ya kutapeliwa mara ya kwanza

Pesa ya kwanza niliyopoteza mtandaoni ilikuwa Sh 420,000, na ilikuwa ya sare. Shule moja ilikuwa imenipa oda ya sketi na mashati ya watoto, wakanitangulizia nusu. Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini. Wakati huo ovaloki, mashine ya kuzungushia pindo nyuzi zisifumuke, sikuwa nayo. Nguo nilikuwa napeleka kwa jirani anizungushie pindo, shilingi 500 kila moja, na kusubiri mpaka amalize za kwake. Nikasema oda hii ndiyo itakayoninunulia mashine.

Nikaiona Instagram. Ukurasa una wafuasi elfu arobaini, picha zinang'aa, kuna na video ya duka lililojaa cherehani mpaka darini. Bei laki nne na ishirini, kwa mashine ambayo kwingine ilikuwa inakaribia laki nane. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilimshukuru Mungu. Muuzaji akaniita mamii, akasema zimebaki mbili tu na mteja wa Mbeya anataka kulipia sasa hivi.

Nikaanza kutuma. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ikaniletea jina la mpokeaji, kama inavyoleta siku zote. Jina la mwanaume, halihusiani kabisa na jina la duka. Nikasimama kidogo, nikamuuliza. Akajibu papo hapo: "Huyo ni mhasibu wetu mamii, usiwe na wasi." Nikaweka namba ya siri.

Siku ya kwanza mzigo ulikuwa stoo. Siku ya pili gari lilikuwa limeharibika Mikumi. Siku ya tatu picha yake ya WhatsApp ikapotea na ujumbe wangu ukabaki na tiki moja. Nilipopiga huduma kwa wateja wakaniambia pesa ilishatolewa kwa wakala muda mrefu. Polisi nilikwenda, nikapewa RB, na askari aliyeniandikia akaniuliza kwa upole tu: "Sasa mama, hilo duka liko mtaa gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua rangi ya mashine, idadi ya nyuzi, mpaka mwaka wa kutengenezwa. Mtaa sikuujua.

Mume wangu nilikaa wiki nzima bila kumwambia. Sare nilizimaliza usiku, kwa ovaloki ya yule yule jirani.

Baadaye niliurudia ule ukurasa nikiwa na hasira, nikauchambua kama mtu anayefumua mshono. Maoni yalikuwa yamefungwa, hakuna mteja anayeweza kuandika kitu. Wafuasi elfu arobaini, lakini picha moja ina watu kumi na moja walioipenda. Instagram ina sehemu inayoeleza kuhusu akaunti: imefunguliwa lini, imewahi kubadili jina mara ngapi. Ile ilikuwa imebadili mara tatu, na ukishuka chini kabisa unakuta picha za mawigi. Kilichoniuma zaidi ni ile video ya duka. Nilipoikuza, bango la nyuma lilikuwa na maandishi ya Kihindi. Lilikuwepo pale siku zote. Mimi nilikuwa natazama mashine.

Kuna walioniambia achana na mambo ya mtandao, nunua hapa hapa. Ningependa. Lakini duka nililolijua Iringa lilikuwa na aina moja tu ya ovaloki, Sh 1,050,000, yenye mota ya zamani inayonguruma hata mguu ukiwa umeutoa. Na kwetu kununua mtandaoni maana yake si yale masoko makubwa wanayoyazungumzia watu wa nje. Jumia wenyewe walifunga shughuli zao Tanzania mwishoni mwa 2019. Kwa sisi wa mikoani, mtandao ni ukurasa wa mtu, WhatsApp, pesa ya simu na basi. Hakuna mtu wa katikati anayekushikia pesa yako mpaka mzigo ufike. Basi nikaamua huyo mtu wa katikati nimtafute mwenyewe.

Miezi sita baadaye, pesa ikiwa imepatikana tena, niliandikia kurasa tatu swali lile lile: mko mtaa gani, jengo gani, ghorofa ya ngapi, mnatazamana na nani? Wawili walinijibu "tupo Kariakoo, lipia tukutumie." Nikawaacha. Wa tatu, kijana, akataja mtaa, jengo, na duka la vitambaa linalotazamana nao, halafu akaongeza bila kuulizwa: "Ila dada mimi ni winga, duka si langu."

Watu wanawasema sana mawinga wa Kariakoo, hao madalali wanaouza vitu vya maduka ya watu. Ni kweli wapo wanaokuonyesha kitu kizuri na kukufungia kibovu. Lakini huyu alikuwa amenipa taarifa ambayo tapeli asingenipa. Nikamuuliza cha juu chake ni kiasi gani. Akasema elfu thelathini. Nikamwambia utaipata, ila mzigo ukishapanda basi, na pesa ya mashine nailipa mwenye duka moja kwa moja. Alinyamaza kama dakika tano hivi, nikadhani nimempoteza. Akaandika "sawa dada."

Wifi yangu anakaa Tandika. Nilimtumia nauli na hela ya chakula, elfu kumi, nikamwomba aende. Nilimwambia asiingie dukani kwanza, asimame nje anipigie picha ya bango. Ndipo likaja jambo ambalo mtandaoni hawaliandiki: ile bei ya Sh 610,000 iliyotangazwa ilikuwa ya kichwa tu. Meza na mota mbali. Mashine kamili ilikuwa 790,000. Hakuna aliyedanganya, ndiyo biashara ya mashine za kiwandani ilivyo, ila ningekuwa nimelipa bila kuuliza ningeletewa kichwa nikakiweke juu ya kabati.

Tukapigiana video. Upande wangu nilikuwa na fundi mwenzangu, mzee wa siku nyingi, maana mimi cherehani naijua lakini ovaloki nilikuwa mgeni. Mzee akasema wasitushonee kitambaa kigumu, kila mashine inashona kitambaa kigumu. Wifi alikuwa amebeba kipande cha tisheti kuukuu ya mwanawe. Kikapitishwa, kikapinduliwa karibu na kamera, kikavutwa: nyuzi zikavutika pamoja na kitambaa, hakuna iliyokatika. Kisha mzee akaomba wote wanyamaze, fundi wa duka akanyage na kuachia. Mota ya servo inalia ukikanyaga tu, ukiachia, kimya. Tukasikia kimya. Mzee akatikisa kichwa kukubali na kuendelea na chai yake.

Nililipa laki moja ya kwanza kwa lipa namba ya duka. Safari hii jina lililotokea kwenye simu yangu nililisoma herufi kwa herufi nikililinganisha na picha ya bango. Yakawa mamoja. Iliyobaki nikailipa wifi akiwa amesimama kaunta, na hakuondoka bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile alama ya chini aliiskani kwa simu, ukurasa wa TRA ukafunguka na jina la duka na kiasi kile kile. Nilimshangaa hata yeye kulijua hilo.

Kufunga na kubeba mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi, elfu kumi na tano. Basi elfu ishirini na tano. Winga akaandika jina langu na namba yangu ya simu kwa maka peni pande zote za boksi, akanitumia picha ya risiti ya mzigo, namba ya gari na simu ya konda. Hapo nikamtumia elfu thelathini yake. Siku ya safari sikushona kitu cha maana. Kutwa nilikuwa nawaza kona za Kitonga na boksi langu.

Nililifungulia pale pale stendi ya Igumbilo, konda akilalamika kuwa nawachelewesha. Stendi ya mashine, ile ya kushikia nyuzi, ilikuwa imepinda. Nikapiga picha boksi likiwa bado chini, gari likionekana nyuma, nikatuma dukani. Wiki iliyofuata walinitumia nyingine bila maneno. Nina hakika ningefungulia nyumbani tungebishana.

Bajaji elfu kumi mpaka kwangu. Jumla yote, na nauli ya wifi na cha juu, Sh 880,000. Bei ya mtandaoni kwangu sasa ni ile ya mwisho, kitu kikiwa mlangoni. Ile ya kwenye picha siihesabu.

Siku mbili kabla mzigo haujafika nilipata SMS: mzigo wako umezuiliwa, lipia 18,500 kwa namba hii. Wakati ule ingenishika vizuri sana. Nilimpigia winga, hakujua lolote. Ujumbe nikausambaza kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Nikaangalia na *106# nione kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yangu bila mimi kujua. Zilikuwa zangu zote.

Vitu vidogo vidogo siku hizi naagiza China kupitia AliExpress: sindano za ovaloki za DCx27, nyayo za cherehani, zipu. Huko utaratibu ni mwingine. Pesa inashikwa na mtandao wenyewe mpaka uthibitishe umepokea au muda waliouweka uishe, kwa hiyo mimi kitufe cha kuthibitisha sikigusi mpaka niwe nimefungua na kuhesabu. Muuzaji mmoja alinitaka tulipane pembeni kwa WhatsApp anipunguzie bei. Nilikataa, pembeni hakuna wa kukushikia pesa. Nalipia kwa kadi ya mtandaoni ninayoifungua kwenye simu, naiwekea kiasi cha bidhaa tu, ili hata wakiiba namba zake wakute shilingi mia tatu.

Na pamoja na ujanja wote huo, mwaka jana niliagiza zipu mia moja za magauni, zile zisizoonekana. Urefu nikachagua 20, kwa kuwa fundi yeyote hapa akisema zipu ya ishirini anasema inchi. Zikaja. Muuzaji mwaminifu kabisa, zimehesabika mia kamili, rangi ndiyo ile. Sentimita ishirini. Haifiki hata kiunoni. Nilirudi kuangalia tangazo, na 'cm' ilikuwa imeandikwa pale pale, wazi.

Niliziweka kwenye kopo la Blue Band nikisema nitazitafutia kazi. Mwanafunzi wangu ndiye aliyeziona. Akaanza kushona vipochi vya vipande vya kitenge vinavyobaki mezani, anauza elfu mbili kimoja. Wiki iliyopita kaja na kopo likiwa tupu, ananiuliza lini naagiza nyingine za urefu ule ule.