Chaza Mmoja Mkanda

Basi la Mombasa hadi Mokowe sitalisimulia sana, Malindi, Garsen, Witu, teremka toa kitambulisho, panda, teremka tena. Usiku nikalala Amu, yaani Lamu. Mimi nilikuwa naenda Siyu, kisiwani Pate, kutafuta makubadhi ya kuuza hapa Majengo, maana kwa kazi ya ngozi Siyu ndiko kwenyewe tangu zamani.

Asubuhi gatini naambiwa nauli 800, na aliyenitangulia kalipa 400 mbele ya macho yangu! Eti mgeni. Mgeni wapi, na mimi ni Mswahili wa Mvita? Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Halafu tuliambiwa tunatoka saa mbili, tukangoja magunia ya unga, tukangoja matangi ya plastiki, tukangoja mtu na godoro lake, tukang'oa nanga saa nne unusu na maji yashakupwa vibaya.

Kuingia Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, boti ikakwaruza chini ikasimama. Vijana wakaruka, tope magotini, wakasukuma wee, wapi! Nikaanza kumfokea nahodha, yeye kajilaza zake kwenye magunia.

Bibi mmoja wa Siyu akanivuta mkono. "Mwanangu, waiona chaza ile, pale mzizini? Mai yakiifinika, twenda." Mai, yaani maji. Nikatazama. Mzizi wa mkoko umejipinda kama kiwiko, chaza wameng'ang'ania, mmoja mkubwa mweupe yuko peke yake juu. Chini yake tope tupu na vijikaa vinatoka matunduni, ukikohoa tu vimepotea.

Tulikaa pale muda wa saa tano nzima, jua la utosi, hakuna turubai, na mimi macho yangu kwa chaza yule. Bibi akafungua kikapu, mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, akawagawia watu wote hata nahodha. Akatusimulia jinsi majeshi ya Sayyid Said yalivyokuja kuipiga Siyu ya Bwana Mataka, mtawala wake, yakashindwa, anasimulia kama alikuwepo. Maji yakaanza kurudi polepole, yakaulamba mzizi, yakamfika chaza, nikapiga kelele "amefunikwa!" na kweli, boti ikatikisika.

Mtangawanda, gati ya kisiwani Pate, tuliingia magharibi, bodaboda mpaka Siyu ikanikamua 500 nyingine. Siku mbili za Siyu zilikwenda kwa mafundi tu, ngome nimeipita nje.

Juzi navuka Likoni kwenda kwa mamangu, nikajikuta natafuta alama ya maji kwenye ukuta wa gati. Miaka yote navuka pale sijawahi kujua yanajaa ama yanakupwa, nazungumzia foleni tu. Nikamuuliza mzee aliyesimama karibu yangu, akajibu bila kutazama, "Yanajaa."

Makubadhi nilileta jozi 12, zimebaki 3. Nitarudi, lakini ile 800 silipi tena.