Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi Mtoni Thego, Trauti Wameingizwa Juzi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaovua trauti, samaki wa maji baridi, na kipimajoto kinaingia majini kabla ya chai. Thego unashuka kutoka Mlima Kenya, kwa hiyo asubuhi huwa baridi, lakini bado napima: maji yakizidi nyuzi 18 trauti huchoka upesi na wengine hufa hata wakiachiliwa. Naangalia pia rangi. Mvua ya jana mlimani ikigeuza mto chai ya maziwa, nzi wadogo wa bandia, yaani chambo kilichofungwa kwenye ndoana kifanane na mdudu, hawaonekani; siku hiyo ni weusi na wakubwa. Na kinyesi cha nyati kikiwa bado kinafuka mvuke, upande wa msituni hatuendi bila askari wa wanyamapori.

Saa kumi na mbili. Kufunga vifaa: ufito wa futi 8 na nusu, mshipi namba 5 (namba ya uzito wake), kisha uzi wa mbele wa futi 9 ulioisha na ncha ya milimita 0.15. Fundo hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa. Likikazwa kavu, msuguano huudhoofisha uzi, na samaki wa kwanza mwenye nguvu huondoka na nzi. Vijino vya ndoana navibana kwa koleo.

Saa moja. Wageni wanaingia, na habari ya samaki wapya imeshasambaa. Wote wanakimbilia darajani, gari lilipomwagia samaki. Hawajakosea kabisa: siku za mwanzo trauti wa bwawani hukaa kundi moja palepale, na kitu kikidondoka chubwi hukifuata, maana wamezoea kutupiwa chakula cha punjepunje. Ila wakishanaswa na kuponyoka, na vishindo vya buti vikizidi, hulala chini na kufunga midomo. Watu kumi kwenye dimbwi moja huishia kuvuana kofia.

Wageni wangu nawashusha mto mita 300 hivi, kwa sababu kuna samaki wanaojitenga na kufuata mkondo, na hao hawajasumbuliwa bado. Kati ya mvuvi na mvuvi mita 30. Jirani akinasa, kunja mshipi wako umpishe. Na usivuke mto upande wa juu wa mwenzako, mkondo unakotoka. Tope lote linamshukia yeye.

Saa mbili hadi saa tano ndiyo kazi yenyewe. Tunaanza na Kenya Bug namba 10, nzi mweusi ambaye wavuvi wa mito hii wanamjua. Wakimkataa, namfunga mdogo wa namba 14 (namba ikipanda, ndoana hupungua) mwenye kishanga cha shaba, na kiboya juu yake, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Tupa kuelekea mkondo unakotoka, kimshazari, kisha tazama povu linaloelea. Kiboya kikilipita povu, mshipi unamkokota nzi, na samaki hamgusi. Hapo urushe mshipi ulio juu ya maji urudi upande mkondo unakotoka. Trauti wa bwawani huonja na kutema mara moja, kwa hiyo kiboya kikisita tu, inua ufito. Inua, usinyakue: ncha ile haivumilii hasira.

Akifika wavuni, lowanisha mikono kwanza, la sivyo utamfuta ute unaomkinga na maradhi. Mapezi yaliyolika kingo yatakwambia alikulia bwawani. Mshike majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke mwenyewe.

Saa sita jua linawaka, tunakula. Swali la kila mgeni: trauti walifikaje Kenya? Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 wakaingizwa mto Gura, ng'ambo kwenye milima ya Aberdare.

Saa nane mawingu yanafunika mlima. Majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, nawatoa wote majini hata kama mvua haijatufikia, maana mafuriko hutangulia.

Saa kumi nzi wanaanikwa nje ya kisanduku, kwani wakifungiwa na unyevu ndoana hushika kutu. Kwenye daftari naandika madimbwi yaliyotoa samaki. Jumamosi ijayo nitaanzia chini zaidi.