Siku ya kwanza ya kuupanda Toubkal

Leo tumepanda kutoka Imlil, kijiji cha Moroko kilicho kwenye mwinuko wa mita 1,740, hadi nyumba ya wapandaji iliyopo kwenye mita 3,207, mahali ambapo watu hulala kabla ya kukikabili kilele cha Toubkal, ambacho kwa mita zake 4,167 ndicho kirefu kuliko vyote Afrika ya Kaskazini.

Kabla ya kuingia njiani tulisimama kwenye kizuizi cha askari, wakaandika namba za pasipoti zetu na kukagua kitambulisho cha mwongozaji wetu. Ulinzi huu ulikazwa baada ya watalii wawili wa kike kuuawa karibu na njia hii mwezi Desemba 2018, na tangu hapo mgeni hapandi bila mwongozaji. Wapo wasafiri wanaouona kuwa usumbufu na gharama ya bure. Mimi natoka nchi ambayo mtu hapandi Kilimanjaro bila mwongozaji aliyesajiliwa, na kadiri siku ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba utaratibu huu ni wa haki, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia.

Mizigo yetu ilibebwa na baghala. Nilisimama kumtazama mwenye mnyama akipakia: alipima uzito wa kila upande kwa kuunyanyua kidogo kwa kiganja, akahamisha chupa za maji kutoka kulia kwenda kushoto, akapima tena, ndipo akakaza kamba. Niliwafikiria wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kwa kanuni hawatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, nao huzibeba kwa vichwa na shingo zao wenyewe siku kadhaa mfululizo. Sisemi kwamba baghala hateseki. Mmoja tuliyepishana naye alikuwa na kidonda chini ya tandiko, na mwongozaji wetu alimvuta mwenye mnyama pembeni, wakazungumza kwa Kitashelhit, lugha yao ya nyumbani, mpaka tandiko likafunguliwa.

Adhuhuri tulifika Sidi Chamharouch, penye jabali kubwa lililopakwa rangi nyeupe na vibanda ambavyo vinywaji hupozwa kwa maji ya mlimani yanayotiririka juu ya chupa. Hapo pana ziara, mahali patakatifu panapohusishwa na sultani wa majini, na familia huwaleta wagonjwa wao, hasa wenye maradhi ya akili, kuomba shifaa. Kwa mtu wa Tanga, ambako watu hupeleka marashi na sadaka kwenye mapango ya Amboni, imani ya namna hii si ngeni. Wasio Waislamu huishia kwenye daraja, kwa hiyo nilivuka peke yangu nikaswali, huku mwongozaji akibaki na wenzangu kivulini. Aliswali baada ya mimi kurudi. Hakutaka kuliacha kundi bila mtu anayeijua njia.

Kutoka hapo njia inakuwa ya mawe matupu, miti inakwisha, na hewa inapungua. Mwongozaji alipunguza mwendo bila kuambiwa, akawa anatusemesha mmoja mmoja. Nilidhani ni ukarimu tu, mpaka nilipotambua kwamba alikuwa akisikiliza pumzi zetu: anayejibu kwa sentensi nzima alimwacha, anayejibu kwa neno moja alimsogeza mbele karibu yake.

Jioni, baada ya chai ya mnanaa, alikaa na dada mmoja wa kundi letu ambaye hakugusa chakula. Alimuuliza kuhusu kichwa, kichefuchefu na usingizi, akamtaka atembee mstari ulionyooka sakafuni, kisha akamwambia kwa upole kwamba kesho hatapanda, na kwamba hali ikizidi usiku atateremshwa saa hiyo hiyo. Dada alilia kidogo, kwa kuwa ameiwekea safari hii akiba kwa muda mrefu, lakini hakubishana. Mwongozaji amehamishia godoro lake karibu na mlango wa chumba cha dada huyo, na mwenye baghala ameombwa asiteremke Imlil usiku huu.